Mwaka wa Diski Zilizofurika

Ijumaa mchana, siku moja baada ya kumzika Papa Neema, Ssalongo alisimama chini ya turubai la matanga kule Namuwongo, akaomba maikrofoni, akaweka mkono kifuani na kusema kwamba yeye ndiye aliyempa marehemu sauti. "Mimi nilipa huyu mzee sauti," alisema. "Kampala yote nasikia yeye, ni sababu ya mimi." Akina mama wa kanisa wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya tatu, sahani ya wali na maharage mapajani. Wahenga walisema kufa kufaana, na katika umri wangu nimewaona wengi wakifaana na maiti: wanaogawana nguo, wanaogombania kiwanja, wanaokuja kwa ajili ya pilau. Lakini mtu kuja kujigawia sauti ya marehemu, tena mbele ya binti yake, hilo nilikuwa sijaliona. Mwaka ambao Papa Neema na mimi tulifanya kazi kwa Ssalongo, studioni mwake tulikuwa watu watatu. Mmoja tumemfukia. Mmoja ndiye huyo mwenye maikrofoni. Wa tatu ni mimi, Apio, ninayekaribia hamsini, magoti yanauma lakini masikio yangali mazima, na kwa kuwa siku ile sikunyanyuka kusema neno, naliandika hapa.

Studio ya Ssalongo ilikuwa Katwe, ghorofani, juu ya mafundi wa vyuma. Chini yetu walitengeneza mageti, vitanda na majiko ya mkaa, na kutwa nzima nyundo zilipanda kupitia sakafu mpaka kwenye meno. Ssalongo ni jina la heshima wanalopewa wanaume wa Kiganda waliozaa mapacha, naye hakukubali kuitwa jingine. Alikuwa na chumba kimoja alichokigawa kwa mbao za plaiwudi. Upande mmoja ulikuwa na meza yangu, kompyuta mbili na rundo la diski. Upande wa pili ulikuwa kijichumba cha kurekodia, kuta zake zimefunikwa magodoro ya zamani, mengine yakiwa bado na madoa ya watoto waliolalia. Humo ndani joto lilikuwa la kumpika mtu. Tulirekodi saa ambazo mafundi walikwenda kula, na ikiwa chakula cha siku hiyo kilikuwa matoke na nyama tulipata muda mrefu, maana walikaa. Ikiwa ni roleksi, zile chapati za kukunja na mayai, walikula wamesimama na nyundo zikarudi kabla hatujafika popote. Mpaka leo nikisikia nyundo ikigonga bati, mkono wangu unataka kubonyeza kitufe cha kusimamisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kampala haikupenda kusoma maandishi chini ya filamu. Ilipenda kusimuliwa, na msimulizi huyo aliitwa vijei. Vijei hatafsiri tu. Anawapa watu wa kwenye filamu majina ya mtaani, anamgombeza mwizi, anamwonya shujaa, anacheka kabla yenu ili mjue hapa ni pa kuchekea. Vijei wa Kiganda walikuwa wengi, wengine wakijulikana kuliko mawaziri. Wa Kiswahili kwetu alikuwa mmoja tu, Papa Neema, Mkongomani wa Bukavu, mtu mfupi mwenye kitambi na suruali iliyopigwa pasi hata siku za mvua. Ssalongo alinunua filamu kwenye diski za asili, tukazitolea nakala za akiba, maana mashine za kwenye vibanda vya video zilikuwa zikitafuna diski, tukaingiza sauti ya Papa Neema, kisha nakala zikaenda Namuwongo kwa Wakongomani na kwenye vibanda vya karibu na kambi. Huko kulikuwa na familia za askari na polisi waliotoka kaskazini, na watoto waliokulia Kiswahili cha kambini kama mimi. Hao walimwelewa Papa Neema nusu na nusu, na ile nusu wasiyoielewa ndiyo waliyoipenda zaidi.

Nilimsikia kila siku kupitia plaiwudi kwa karibu mwaka mzima, na bado siwezi kuieleza sauti ile vizuri. Ilikuwa nene, yenye mikwaruzo kidogo, na iliharakisha halafu ikasimama ghafla. Alianza kila filamu kwa salamu ndefu: "Bantu ya Namuwongo, bantu ya kambi, mama mwenye iko na mutoto mugongoni, mukaribie! Kijana weye wa nyuma, toa kofia, benzako banaona nini?" Halafu angemgeukia shujaa: "Huyu anajua kama banamufuata? Hajui! Miye na weye tunajua, na hatuna njia ya kumwambia." Nilikuwa nikicheka peke yangu mezani mpaka Ssalongo ananitupia jicho. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolifanya tofauti. Filamu ikiwa na mama anayemtafuta mtoto wake, na filamu za Kihindi hazikosi mama wa namna hiyo, Papa Neema aliacha utani wote. Alishusha sauti, akamsemea yule mama polepole, neno kwa neno, kana kwamba anamwazima kinywa chake. Kwenye vibanda vya Namuwongo, niliambiwa, wanawake walikuwa wakija na kanga ya ziada kwa ajili ya machozi. Akimaliza alitoka kijichumbani amelowa jasho, akafungua chupa pana aliyokuja nayo na kunigawia sombe, kisamvu cha kwao, na bugali bila kuniuliza kama nina njaa. "Kula, dada," aliniambia. "Mutu akilia na tumbo tupu, analia vibaya." Alikuwa na binti mdogo wa shule, Neema, na kazi ile ndiyo iliyomfanya awe mtu Kampala. Kabla yake alikuwa mkimbizi mmoja kati ya wengi, akiitwa "wewe Mukongo". Baada yake, alipopita kando ya reli, watoto waliimba salamu zake.

Matatizo yalianza Ssalongo aliponunua programu mpya ya kubana filamu. Diski za asili zilikuwa za tabaka mbili, zenye nafasi karibu maradufu ya diski za kawaida tulizochomea sisi, kwa hiyo ilibidi filamu ibanwe ndipo iingie. Programu iliniuliza nataka matokeo yawe na ukubwa gani, nami niliandika ukubwa wa diski ya kawaida. Yenyewe ilipiga hesabu, ikaminya picha saa kadhaa huku feni ya kompyuta ikilia, halafu mimi nikaunganisha ile picha na sauti ya Papa Neema. Na kila mara tulipofika kwenye kuchoma, yaani kunakili filamu kwenye diski, yalitokea maandishi mekundu: haliingii, faili ni kubwa mno. Tulizoea kusema diski imefurika. Ssalongo alisema ni mimi nisiyejua kazi. Nikaondoa ile orodha ya kuchagulia sehemu za filamu inayokuja mwanzoni, ikafurika. Nikatoa sauti za lugha nyingine, Kifaransa na Kihispania ambazo hakuna aliyezihitaji, ikafurika. Nikakata majina ya mwishoni, yale yanayopanda huku watu wanatoka kibandani; ikafurika. Nikaidanganya programu kwamba diski ni ndogo kuliko ilivyo, na hapo ikaingia, ila picha ikavunjikavunjika visanduku, nyuso zikawa kama zimefinyangwa kwa udongo na mtoto, na wenye vibanda wakazirudisha diski kwa matusi.

Ssalongo hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hilo ndilo lililomfanya awe wa hatari. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu akitafuna karanga, akitazama maandishi mekundu kama anayetazama mvua. "Nyabo Apio," alisema kwa heshima ya Kiganda, "hii kitu naharibu biashala yangu." Kisha akaenda upande wa pili kupiga simu, spika ikiwa wazi, akidhani plaiwudi ni ukuta. Kupitia plaiwudi ile nilisikia mengi mwaka ule: mkewe akimwomba amtafutie mdogo wake kazi, yeye akijibu subiri, mkewe akiuliza subiri mpaka lini, kijana anakaa tu nyumbani anakula, na Kiswahili anakijua, si alisoma Kenya? "Nasubiri nafasi," Ssalongo alisema. Niliyasikia hayo kwa sikio moja, jingine likiwa kwenye kompyuta. Leo ndiyo nayakumbuka kuliko yote.

Siku moja, kwa kuchoka, nilijaribu kuchoma filamu ikiwa na picha tu, bila sauti ya Papa Neema. Ikaingia. Diski ikazunguka kimya, ikatoka, ikacheza, picha safi. Nikainuka kwenye kiti kwa furaha, nikamfuata Ssalongo, nikamwambia: tatizo liko kwenye sauti ya mzee, namna tunavyoiingiza, nipe siku mbili niitafute. Hayo ndiyo maneno niliyosema. Wako watu niliowasimulia kisa hiki, wakatikisa kichwa wakaniambia pengine ningenyamaza. Sikubali. Niliona jambo la kweli nikalisema, na niliomba siku mbili. Kilichoingia masikioni mwa Ssalongo kilikuwa kingine kabisa, na alikuwa amekingoja. "Si nilisema mimi?" alisema, ingawa hakuwa amesema kitu. "Mzee huyu iko naongea sana. Maneno mingi najaza sidii." Diski zote aliziita sidii. Akamwita Papa Neema kutoka kijichumbani, akamwambia mbele yangu kwamba kuanzia sasa aseme pale penye ulazima tu. Salamu basi. Utani basi. Watu wa kwenye filamu wakiongea, aseme kwa ufupi wanachotaka. Wakinyamaza, naye anyamaze.

Papa Neema alifikiri ni mzaha. Alicheka, akanitazama ili tucheke pamoja, na alipoona sicheki akakunja kitambaa chake cha jasho mara nne, polepole. "Patroni," alisema, "sasa mama ya kule kibandani atajua namna gani kama huyu ni mubaya?" Ssalongo akamjibu kwamba mama ana macho. Nami nikaingilia, nikasema bado hatujajua, huenda wingi wa maneno hauna uhusiano, na Ssalongo akanigeukia kwa upole ule ule: "Wewe ndiyo ulisema ni sauti. Ama sasa si sauti?" Ni sauti, nikasema, lakini. Hakungoja hiyo lakini. Kwa watu wa namna yake sentensi huishia pale inapowafaa.

Siku ya kurekodi, filamu ilikuwa ya Kihindi na ilikuwa na mama. Ssalongo alisema atasimamia mwenyewe ili mzee asije akajisahau. Akaingia naye kijichumbani, akajibanza kwenye kiti kando ya godoro, na mimi akanituma Nakawa kutafuta diski tupu kwa muuzaji ambaye, nilipofika, hakuwepo na wala hakuwa na habari ya kuja kwangu. Niliporudi walikuwa wamemaliza. Papa Neema alikuwa ameketi kwenye ngazi, shati kavu. Hakuwa amelowa jasho hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko kama ningemkuta analia. Chupa ya sombe aliisukuma kwangu haijafunguliwa. Ssalongo alikuwa amefurahi, anapiga mluzi, akaniambia niiunganishe mara moja, sasa itaingia.

Ilifurika. Tena ilifurika kwa kiasi kile kile, sawasawa na filamu nyingine zenye urefu ule, zile ambazo Papa Neema aliongea mwanzo hadi mwisho bila kupumua. Nilikaa mbele ya maandishi mekundu nikiwa sijui nicheke au nipige meza, na hapo ndipo nikaona kilichokuwa mbele yangu miezi yote. Sauti yake tuliihifadhi ghafi, bila kubanwa, vile vile ilivyotoka kwenye maikrofoni, na sauti ghafi huchukua nafasi kwa dakika, si kwa maneno. Dakika aliyoongea na dakika aliyonyamaza zilikuwa na uzito mmoja. Programu ya picha haikuwahi kuambiwa kwamba kuna sauti inakuja, kwa hiyo ilijaza diski nzima kwa picha, halafu mimi nikaja na mzigo wa pili juu yake. Ile programu yetu ya zamani, kumbe, ilikuwa ikiibana sauti yenyewe kimyakimya, na hakuna aliyejua. Dawa ilikuwa ndogo ya kuaibisha: ibane sauti kwanza, iwe sehemu ndogo ya ilivyokuwa, kisha itaje kwenye hesabu kabla ya kubana picha. Nikafanya hivyo. Ikaingia, na nafasi ikabaki.

Picha ilikuwa safi ajabu, rangi za sari zimekaa, nyuso zimetulia, hakuna kisanduku hata kimoja. Niliikagua kwa macho tu, sauti nimeizima, kwa sababu sikutaka kumsikia Papa Neema akinyamaza. Nikachoma mbili na moja nikaiweka kwenye mkoba wangu, si kwa ajili yake bali kwa ajili yangu, kwa kuwa ilikuwa diski ya kwanza iliyonitii. Halafu nikamfuata Ssalongo na kumweleza yote, sentensi fupi fupi, na nikamwomba turudie kurekodi, mzee aongee apendavyo, itaingia vile vile. Ssalongo akainua diski kwenye mwanga wa dirisha kana kwamba kitu fulani kingeonekana humo. "Jana mzee naongea, sidii nakataa," alisema. "Leo mzee nanyamaza, sidii nakubali. Sasa unataka mimi naamini nini?" Nikamwambia mzee aliponyamaza ilikataa pia, niliona kwa macho yangu, ni mimi niliyebadilisha namna ya kuibana. Akanipigapiga begani. "Asante kwa kazi, nyabo." Jioni ile ile diski ikaenda Namuwongo.

Habari zilirudi kesho yake, na aliyezileta ni Ssalongo mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Watu walianza kupiga miluzi kabla ya wimbo wa kwanza. Waliuliza mzee yuko wapi, mzee anaumwa, mzee amelewa? Filamu haikufika katikati. Mwenye kibanda aliitoa akaweka ya mieleka. "Mzee amekwisha," Ssalongo akasema, akitikisa kichwa. "Watu hawamutaki tena." Papa Neema alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kazini, na aliyasikia yote hayo. Akiongea diski inafurika, akinyamaza watu wanakasirika, basi kuna haja gani naye? Akufukuzaye hakwambii toka. Papa Neema alinitazama mimi, si Ssalongo, akasema, "Dada, unisaidie na ile shali yangu, iko kwenye kiti," ile aliyofungia kichwa humo ndani ili jasho lisidondokee maikrofoni. Nikampa. Akashuka ngazi katikati ya kelele za nyundo, na mafundi waliomjua wakaacha kugonga kumsalimu, wakadhani anakwenda kula.

Sikukubali liishie hapo. Nilichukua filamu yake ya zamani, ile yenye maneno mengi kuliko zote, nikaibana kwa njia mpya, nikamwita Ssalongo akae kwenye kiti changu atazame kwa macho yake. Diski ikachomeka mpaka mwisho. Tukaicheza. Papa Neema akasalimia bantu ya Namuwongo, akamfokea kijana wa nyuma mwenye kofia. Ssalongo alitazama kwa muda, karanga mkononi, na nikamwona akielewa. Sijakosea hapo. Nimeona watu wengi wakielewa jambo na naijua sura yake: taya linalegea kidogo, macho yanakwenda pembeni. Alielewa kwamba hakuna kosa lolote alilofanya yule mzee. Kisha akaitoa ile diski akaitia mfukoni mwake, akamimina maganda ya karanga kwenye kikombe changu cha chai na kusema, "Kale, sawa. Basi hiyo njia utafundisha shemeji yangu. Anaanza Jumatatu." Na alianza kweli, kijana mwenye Kiswahili cha shule ya Kenya na uso wa kupendeza, aliyemwita kila mama wa kwenye filamu "mwanamke huyu". Njia niliyoitafuta kwa ajili ya Papa Neema ilimbeba yeye. Hakuna diski yake hata moja iliyofurika.

Baada ya wiki chache kompyuta ikajaa na Ssalongo akaniamuru nifute sauti zote za mzee, zile ghafi, za mwaka mzima, na hata zile zilizokwisha unganishwa. Nilikataa. Nikamwambia afute mwenyewe. Akavuta kiti, akafuta mwenyewe, moja baada ya nyingine, akinywa soda, na mimi nikachukua mkoba wangu nikaondoka Katwe nisirudi tena. Nimefanya kazi nyingi tangu hapo na nimepata mabosi wabaya kuliko yule, wezi hasa, lakini hakuna ninayemchukia kama yeye, na kila ninapoambiwa chuki inazeesha najibu kwamba nilikuwa nitazeeka tu. Papa Neema aliishia kuuza viatu vya mitumba kando ya reli. Nilikuwa nikipita kununua hata nisivyohitaji. Alinichagulia saizi bila kuuliza, akafunga kwa gazeti, akasema bei, akasema asante. Watoto wapya wa Namuwongo hawakujua salamu zozote. Nilingoja miaka na miaka anifokee, au afokee hata mteja mmoja anayepunja, lakini alikuwa amejifunza kusema pale penye ulazima tu, na hakuwahi kujifunza kuacha. Hilo nalo naliandika kwa jina la Ssalongo.

Basi siku ile ya matanga, watu walipoanza kutawanyika, Neema alinifuata. Sasa ni mwanamke mzima, muuguzi, ana kitambi cha baba yake na namna yake ya kusimama. Aliniambia ametafuta kwa kila mtu aliyekuwa na kibanda na kila aliyeuza diski, na zote zilichakaa, zilitupwa, zilichezewa na watoto. Kwenye simu ana picha za baba yake lakini kila alipojaribu kumrekodi alitabasamu tu. "Mama Apio," alisema, "watoto yangu hawajawahi kusikia baba akiongea kweli kweli. Hata moja huna?" Ninayo, nikamwambia, lakini siyo nzuri. Kesho yake Jumamosi niliileta. Jirani alitoa mashine ya zamani, ikafutwa vumbi, ikafungwa kwenye televisheni iliyowekwa juu ya meza ya maandazi. Ssalongo alikuwepo pia, kwa kuwa siku hizi hakosi penye watu, ameketi mbele karibu na mchungaji, na alipoambiwa ni kazi ya studio yake akaeleza kwa walio karibu kwamba sauti ile aliilea yeye.

Picha ilikuwa safi kama nilivyoikumbuka. Sauti ya Papa Neema ilikuja baada ya muda mrefu, maneno matatu, "anamwita ndugu yake," halafu kimya. Watoto wa Neema walisogea karibu na televisheni wakidhani imeharibika. Maneno mengine mawili. Kimya, na ndani ya kimya, kwa kuwa ilikuwa sauti nzuri niliyoibana vizuri, tulimsikia akipumua, akimeza mate, kitambaa kikipita usoni. Neema alisimama na mikono kinywani. Nilikuwa sijawahi kuisikiliza diski ile, nimesema hivyo, na miaka yote nilidhani haina kitu. Kisha yule mama wa kwenye filamu akaingia sokoni, akamwona mtoto wake upande wa pili wa watu, akafungua mdomo, na Papa Neema hakumsemea. Badala yake tukasikia sauti yake halisi, ya chini, si ya filamu, akimuuliza mtu aliye kando yake humo kijichumbani:

"Patroni, na hapa tena ninyamaze?"

Na sauti nyingine, changa zaidi lakini ya mtu tuliyemjua sote, ikajibu kwa upole, karanga mdomoni: "Hapo pia, mzee."

Mchungaji aligeuza shingo. Kiti cha Ssalongo kililia kwenye saruji, naye akaanza kusema kitu kuhusu biashara ya zamani ilivyokuwa ngumu. Neema hakumtazama hata mara moja. Aliniomba nirudishe nyuma, nikarudisha. Akatoa simu yake, akaisogeza kwenye spika, akaniambia niicheze tena, na watoto wake wakakaa wakimsikiliza babu yao. Alirekodi swali, akakata kabla ya jibu.